Barua ya Martha kwa Mumewe Askari

Habari za huko nyumbani, ndugu zangu. Leo niko Kentucky, mahali panaitwa Camp Nelson, na upepo wa huku hauna adabu, kwa hiyo sauti ikivuma mnisamehe. Haya majani mnayoyaona nyuma yangu yalikuwa kambi ya Jeshi la Muungano, yaani la serikali ya Marekani iliyopigana na majimbo ya kusini yaliyoasi, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865. Askari weusi zaidi ya 10,000 walipitia hapa, wengi wao watumwa waliotoroka kwa mabwana zao.

Maisha ya kambini sitayakalia sana. Biskuti za unga na maji, ngumu kama kigae, unazilowesha kwenye kahawa, wadudu wakielea unawaengua, unakula. Kilichowaua askari wengi zaidi kilikuwa maradhi, kuhara na homa ya matumbo, kuliko risasi.

Tuje kwenye barua. Tunapenda kusoma zile za askari: mimi mzima, nisalimie watoto, mshahara bado. Na mshahara wenyewe ulikuwa tusi. Mzungu alilipwa dola 13 kwa mwezi, mweusi 10, halafu anakatwa 3 za nguo. Vikosi vya 54 na 55 vya Massachusetts, vya askari weusi, viligoma kuzipokea kabisa, na Bunge halikusawazisha mpaka Juni 1864. Heshima kwao, lakini huko nyumbani wake zao walikula nini miezi yote hiyo? Sisi tunaotumiwa ujumbe wa "vipi, umetuma?" tunalijua hilo swali.

Ndiyo maana mimi barua ninayoirudia ni ya mke. Martha Glover, mtumwa, jimbo la Missouri, mwisho wa Desemba 1863, anamwandikia mumewe Richard aliyeingia jeshini. Anamwambia tangu uondoke sina ila shida. Wananitesa kwa sababu wewe umekwenda, juzi wamenipiga vibaya. Hukupaswa kuniacha hivi na watoto wote hawa wadogo. Anamlaumu waziwazi! Mke mwingine wa Missouri, Ann, Januari 1864, yeye anamtuliza mumewe askari: usihangaike sana kwa ajili yangu, haitachukua muda nitakuwa huru, na tutakachochuma kitakuwa chetu. Na mwisho anaomba amtumie binti yao mdogo shanga, amkumbuke baba.

Tena fikirieni barua hizi zilivyoandikwa. Missouri ilikuwa na sheria ya 1847 iliyokataza kumfundisha mtu mweusi kusoma na kuandika. Kwa watumwa wengi, siri ya mume na mke ilipitia mkono wa mtu mwingine, wakati mwingine wa bwana mwenyewe.

Mtasema, si Rais Lincoln alishatangaza uhuru wa watumwa Januari 1863? Alitangaza, ila kwa maeneo yaliyoasi. Missouri na Kentucky hazikuasi, hivyo hazikuguswa. Mwanamume akijiandikisha anapata uhuru wake. Mke na watoto wanabaki mali ya mtu. Ndiyo maana wengi walibeba familia zao, wakaja nazo hapa hapa niliposimama, wakajenga vibanda kando ya kambi.

Novemba 1864, baridi kali, kamanda akaamuru wafukuzwe. Wanawake na watoto wapatao 400 walipakiwa kwenye magari ya kukokotwa, vibanda vikabomolewa, na 102 walikufa. Waume zao wakati huo wamevaa sare ya serikali hiyo hiyo iliyowafukuza. Mimi hapo hasira inanipanda kila nikisoma.

Habari zilipofika magazetini, watu wakachachamaa, na Machi 3, 1865, Bunge likapitisha azimio la kuwapa uhuru wake na watoto wa askari weusi. Lakini ndoa ya mtumwa haikutambulika kisheria, utathibitishaje kuwa wewe ni mke? Azimio likasema ushahidi kwamba waliishi kama mume na mke unatosha, cheti hakihitajiki.

Haya, mwenye swali aandike hapo chini, nitajibu usiku nikitoka kazini.