Kwa Nini Anayeanza Sataranji Hushindwa Mara kwa Mara

Walimu wetu waheshimiwa, wazazi, na ninyi vijana mliotoka Kondele, Nyalenda na mitaa mingine ya Kisumu,

Nimeombwa nizungumze na wale ambao wameshajua jinsi kila kete inavyotembea, wamecheza kwa miezi kadhaa, na bado wanashindwa karibu kila mara. Wengi wao huamini kwamba wenzao wanawashinda kwa kuwa wamekariri mianzo mingi, yaani mipangilio ya hatua za kwanza za mchezo, nao huhangaika kutafuta video za mitego. Kwa maoni yangu, hiyo si dawa ya ugonjwa huu. Keti kando ya meza yoyote ya wanaoanza, utaona mchezo ukiamuliwa na ngome iliyoachwa bila mlinzi, au na malkia aliyewekwa pale ambapo farasi wa mpinzani anaweza kumla.

Tazameni mfano huu. Mweupe anasogeza askari aliye mbele ya mfalme hatua mbili, na Mweusi anajibu vivyo hivyo. Mweupe anatoa askofu hadi c4 (herufi hutaja safu ya ubao kutoka a hadi h, na namba hutaja mstari, 1 hadi 8, kuanzia upande wa Mweupe), Mweusi anatoa farasi hadi c6, kisha malkia wa Mweupe anafika h5. Anayeanza akimwona malkia hushtuka, akamrusha farasi wa pili hadi f6 ili amfukuze. Malkia anamla askari wa f7, na mfalme hana tena pa kwenda: mchezo umekwisha katika hatua ya nne. Kumfukuza malkia lilikuwa wazo jema, lakini mchezaji hakujiuliza malkia huyo amefuata nini. Angejiuliza, angeona kwamba malkia na askofu wote wanailenga f7, ambayo inalindwa na mfalme peke yake, na kwamba askari akisogezwa hadi g6 angeziba njia ya malkia na kumtishia papo hapo.

Kwa hiyo, kabla hujagusa kete yako, uliza hatua ya mwenzako inatishia nini. Ukishapata jibu, uliza kete yako ikifika unakotaka kuipeleka italiwa na nani, na wewe utalipiza kwa nini. Thamani ya kete inayotumiwa na wachezaji, kwa pointi, ni hii: askari 1, farasi na askofu 3 kila mmoja, ngome 5, malkia 9. Maswali haya yanahitaji muda, na ndiyo sababu ninawasihi muache kwanza michezo ya dakika tatu na kucheza ya nusu saa.

Andikeni pia kila hatua. Daftari la hesabu lenye miraba linatosha kabisa. Mchezo ukiisha, tafuteni wenyewe mahali pa kwanza ambapo kete ilipotea bure, na baada ya hapo tu ndipo mwulize kompyuta. Lichess, tovuti ya sataranji, hufanya uchambuzi huo bila malipo.

Kuhusu mwisho wa mchezo, yaani kete zinapobaki chache ubaoni, Capablanca wa Kuba, bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, alishauri usomwe kabla ya mambo mengine yote, nami nakubaliana naye. Mfalme na ngome wanaweza kumfunga mfalme aliye peke yake kwa hatua zisizozidi 16, wakicheza vizuri. Lakini hatua 50 za kila upande zikipita bila kete kuliwa wala askari kusogezwa, mpinzani ana haki ya kudai sare. Basi leo tutaanza na ngome moja na wafalme wawili, na kila mmoja wenu atashika zamu pande zote mbili.