Pale Sauti Inapokwama

Mabibi na mabwana, nawasalimu. Mnisamehe sauti, imekauka kidogo, na sababu yake ndiyo mada yenyewe.

Waandaaji waliniomba nizungumze kuhusu vitabu nilivyosoma hivi karibuni: riwaya zangu, na vile vya watoto ambavyo wanajua nimekuwa navyo. Nilikubali upesi. Nikadhani nitakuja na orodha, nisifu hiki, niponde kile, tupige makofi twende zetu. Lakini kuna jambo limeniharibia mpango huo. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, mwenye miaka saba, alikaa kwangu wiki kadhaa, na kila usiku kazi yangu ikawa kumsomea. Kwa sauti. Na kwa vile vitabu vingine vilikuwa vya Kiingereza, nilikuwa nasoma kwa macho ya Kiingereza na mdomo wa Kiswahili, papo hapo.

Mtu mzima akisoma kimyakimya ana ujanja mwingi. Anaruka aya. Akifika penye uchungu anakumbuka kwamba hajachemsha chai. Mbele ya mtoto ujanja huo haupo. Niliruka sentensi moja tu usiku wa pili, nikashikwa: "Mjomba, jana ulisema kingine."

Tulianza na Charlotte's Web cha E. B. White, kilichotoka 1952. Nilikisoma zamani, na nilichokumbuka ni kwamba ni hadithi tamu ya nguruwe na buibui. Tamu! Kinaanza na mtoto anauliza baba anakwenda wapi na shoka, huku meza ikiandaliwa kwa kifungua kinywa. Baba anakwenda kuchinja kitoto cha nguruwe kwa sababu kimezaliwa dhaifu. Huo ni ukurasa wa kwanza.

Wengi wenu mnajua yanayofuata. Nguruwe Wilbur anaokolewa mara mbili: kwanza na yule mtoto, kisha na buibui Charlotte, anayefuma maneno ya sifa kwenye utando wake hadi watu waone aibu kumchinja mnyama maarufu kiasi hicho. Mwishoni Charlotte anakufa, peke yake, kwenye uwanja wa maonyesho uliokwisha kubaki mtupu. Inasimuliwa kwamba White mwenyewe, alipokuwa anakirekodi kitabu hiki kwa sauti yake, alirudia sehemu hiyo mara 17 kwa sababu kila akiifikia machozi yalimzidi. Mtu aliyeiandika! Aliyechagua kila neno, tena kwa subira ya seremala. Mimi sikufika mara 17. Mara ya pili tu nilisema nina kikohozi.

Lakini nataka niwaonyeshe kitu ambacho sikukiona nilipokisoma kimyakimya. Kabla ya kuagana, Wilbur anataka kuondoka na mfuko wa mayai ya Charlotte. Hana mikono. Anamwomba panya Templeton aukate juu kwenye paa, na panya, ambaye hafanyi kitu bure, anaahidiwa kwamba tangu siku hiyo atakula horini kabla ya Wilbur. Kisha Wilbur anauweka mfuko mdomoni, juu ya ulimi. Saa ya kuingizwa kwenye sanduku la safari inafika. Anamtazama rafiki yake kwa mara ya mwisho na hawezi kusema neno, kwa sababu mdomo umejaa watoto wa rafiki huyo. Anamkonyeza tu.

Nilipofika hapo sauti ikakata. Nikamtazama mpwa wangu nikitarajia tulie wote. Yeye alikuwa amekaa wima, macho makavu, mkono kwenye shavu. Akauliza: "Sasa akimeza je?"

Swali hilo nimelibeba wiki nzima. Mimi nilikuwa nalilia kifo, yeye alikuwa kazini, anabeba mayai. Nadhani yeye ndiye aliyesoma sawasawa. White hakuandika pale neno lolote kuhusu huzuni. Aliandika tatizo la uchukuzi, na akaamini kwamba ukilishughulikia tatizo lile kwa dhati, huzuni itajileta yenyewe.

Cha pili ni Where the Wild Things Are cha Maurice Sendak, cha 1963. Maneno yake kwa Kiingereza ni 338 tu, pungufu ya niliyokwisha kuyamwaga hapa. Max anafanya utundu, anapelekwa kulala bila chakula, chumba kinageuka msitu, anasafiri hadi kwa mazimwi na kuwa mfalme wao. Tazameni picha zinavyokwenda. Ya kwanza ni ndogo, imezungukwa na weupe mwingi. Zinakua kila ukigeuza ukurasa, mpaka maneno yanafukuzwa kabisa, kurasa mbili mbili mara tatu, mazimwi wanacheza na hakuna cha kusoma. Msomaji wa sauti anafanya nini hapo? Mimi nilinyamaza kwa heshima. Mpwa wangu alinguruma, na sasa naona ndivyo pale panavyosomwa.

Ukurasa wa mwisho ni kinyume chake: picha hakuna, yapo maneno machache tu. Max amerudi chumbani, chakula chake kinamsubiri, na bado ni cha moto. Sendak alieleza kwamba wahariri walitaka aandike neno la kadiri zaidi, kwamba chakula kilikuwa na joto tu, wakihofia mtoto ataungua. Akagoma. Nami katika kufasiri nilionja ugomvi ule ulimini. Jaribuni wenyewe: "na bado kilikuwa cha moto." Halafu: "na bado kilikuwa vuguvugu." La pili ni chakula cha mtu aliyesahauliwa. La kwanza lina mama ndani yake, japo mama yule haonekani kwenye picha hata moja.

Kulikuwa na kingine, sikitaji jina, nilizawadiwa, cha sungura anayejifunza kugawana. Hadithi haikuwa mbaya. Lakini mwishoni kulikuwa na ukurasa wa "Tumejifunza nini?" wenye maswali matano. Mpwa wangu akauliza, "Huyu anayeuliza ni nani?" Nimeubana ukurasa huo kwa kibanio.

Haraka haraka kuhusu Pinocchio: kilipotoka kwa mafungu katika gazeti la watoto la Italia mwaka 1881, Carlo Collodi alikikomesha kwenye sura ya 15, kikaragosi kimenyongwa mtini. Wasomaji ndio waliodai kirudishwe. Nawaambia hivi kwa ajili ya wale wanaosema vitabu vya watoto vya zamani vilikuwa na upole.

Riwaya sasa. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Tanzania, ya 1990, ilinishinda mara mbili. Haifiki kurasa mia na bado nilisinzia. Mara ya tatu, koo likiwa limeshazoea, niliisoma kwa sauti peke yangu, na ikafunguka. Sisemi niliielewa yote. Nasema sikutaka kusimama. Nilikuwa naitafuta maana yake kwa macho, nayo ilikuwa inakwenda kwa pumzi.

Na ya mwisho ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, ya 1994. Niliisoma miaka ya nyuma kwa Kiingereza. Safari hii nimeisoma kwa Kiswahili, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Nobel. Yusuf ana miaka 12. Kila Aziz, mfanyabiashara tajiri, akija nyumbani kwao, humpa sarafu ya anna 10, fedha ya zamani. Siku moja Yusuf anaondoka naye kwa treni, akidhani anasafiri na ndugu wa familia. Kumbe baba yake amemweka rehani kwa deni. Ni Khalil, kijana wa dukani aliyewekwa rehani kabla yake, anayemwambia bila kumung'unya maneno kwamba yule si ndugu yake hata kidogo.

Kwa Kiingereza nililipita jambo hilo kama habari ya kihistoria. Kwa lugha yangu liliniuma, kwa sababu humo ndimo tunamoishi: tunamwita ami au mjomba mtu yeyote mwenye mvi na mkono mkunjufu. Nami siku mpwa wangu alipofika, kitu cha kwanza nilichompa kilikuwa sarafu.

Sura ya mwisho niliisoma usiku, jikoni, kwa sauti ya chini. Yusuf anawatazama askari wa Wajerumani wakiondoka na watu waliowakamata, anageuka kutazama nyuma, kisha anakimbia kuufuata msafara ule. Hapo ndipo kitabu kinaisha. Nikasikia mlangoni:

"Halafu akaenda wapi, mjomba?"

Nikamwambia maneno yameisha. Hakuniamini. Akakichukua kitabu mkononi mwangu, akafunua karatasi za mwisho mojamoja, akazitazama mbele na nyuma.

Asanteni. Karibuni kwa maswali, ila mseme kwa sauti.