Nani Anasaini? Ndani ya Viwanda vya Vifaa Tiba na Hospitali

Ugonile, watu wangu wa Mbeya na Rungwe! Kamwene, wa Iringa na Njombe! Naongea nikiwa Tuttlingen, kusini mwa Ujerumani. Theluji leo sionyeshi, mmeiona ya kutosha kwenye chaneli za wenzangu. Leo tuongee kazi.

Kuna swali mnaniuliza kila kukicha: "Dada, nilisoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), udaktari nimekosa, sasa kwenye afya nimebaki na nini?" Wadogo zangu, mmebaki na mengi sana, ila hamjaonyeshwa. Sisi tuliokulia Uyole, hospitali tuliijua kwa koti jeupe na dirisha la dawa. Nani aliinunua ile dawa, nani aliipima, nani angeweza kuizuia isitufikie, hayo hakuna aliyetufundisha.

Mji huu ni mdogo, lakini daktari wa upasuaji akisikia jina lake anaelewa mara moja. Kampuni ya vifaa tiba ya Aesculap ilianzia hapa mwaka 1867, na ya KARL STORZ mwaka 1945. Ukiacha hao wakubwa, kuna mamia ya kampuni za vifaa tiba, nyingine ni karakana ya baba na wanawe, mashine tatu na mbwa mlangoni. Mimi nipo kwenye mafunzo katika kiwanda kimojawapo, jina nalihifadhi.

Siku za mwanzo walinipa chati ya uongozi. Masanduku na mishale: mkurugenzi juu, halafu uzalishaji, mauzo, fedha, utafiti, ubora. Niliisoma nikaielewa, na bado sikujua kiwanda kinaendeshwaje. Nilianza kuelewa nilipokaa na mama mmoja wa kitengo cha ukaguzi. Anachukua mkasi wa upasuaji, anaufungua na kuufunga taratibu, anasikiliza kama bawaba inakwaruza. Anakata kitambaa cha majaribio kwa ncha kabisa ya mkasi, maana hapo ndipo mkasi mbovu unapojulikana. Kisha anaweka lenzi na kuangalia kile kialama kidogo cha mraba kilichochomwa kwa leza, kinachobeba utambulisho wa mkasi. Kisipokaa sawa, mkasi unaingia kwenye boksi jekundu.

Sasa sikilizeni. Siku ile mzigo ulikuwa na mteja tayari, watu wa mauzo wameshatoa ahadi, meneja wa uzalishaji amesimama mlangoni anaangalia saa. Yule mama hakuinua hata kichwa. Haripoti kwa meneja wa uzalishaji, anaripoti kwa kitengo cha ubora, na bila saini ya ubora mzigo hautoki getini. Kwa hiyo mkienda kwenye kampuni yoyote ya afya, achaneni na kuuliza bosi ni nani. Ulizeni nani ana uwezo wa kusema hapana, na akishasema, nani anaweza kumpindua.

Ulaya jambo hili liko kwenye sheria. Kanuni ya vifaa tiba ya Umoja wa Ulaya, iliyopitishwa 2017 na kuanza kutumika Mei 2021, inataka kila mtengenezaji awe na mtu maalumu anayewajibika kwa uzingatiaji wa kanuni. Lazima ahakikishe kifaa kimekaguliwa ipasavyo kabla hakijaachiwa. Na sheria inaongeza kwamba mtu huyo asidhurike kazini kwa sababu ya kutimiza wajibu wake. Yaani huwezi kumhamishia stoo kwa kuwa alikuzuia kuuza! Hizi karakana ndogo za baba na wanawe zimeruhusiwa kumpata mtu wa namna hiyo kutoka nje, mradi awe anapatikana wakati wote. Kazi hiyo inafanywa na waliosoma sayansi, uhandisi, famasia, hata sheria. Umeona PCB yako inavyoanza kupata milango?

Nyumbani mlinzi wa geti ni TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ile ambayo hadi 2019 tuliiita TFDA kabla mambo ya chakula hayajahamia TBS, Shirika la Viwango. Na msidhani ni chombo cha kubezwa. Mwishoni mwa 2018 Shirika la Afya Duniani liliitambua kuwa imefikia ngazi ya tatu ya ukomavu wa udhibiti wa dawa, na Tanzania ikawa nchi ya kwanza Afrika kufika hapo. Kampuni inayotaka kuuza kifaa Tanzania inahitaji mtu anayejua kuandaa lile faili la usajili. Hiyo ni ajira, na stethoskopu haihitajiki.

Twende hospitali. Hospitali ya hapa Tuttlingen mwenye mali ni wilaya, kama ilivyo kwa halmashauri zetu, ila inaendeshwa kwa muundo wa kampuni isiyogawana faida. Kwa desturi ya Wajerumani, juu ya hospitali hukaa watu watatu: mkurugenzi wa tiba, mkurugenzi wa uuguzi na mkurugenzi wa biashara. Manesi wa hospitali ya Meta pale Mbeya, mmesikia? Wa uuguzi anakaa meza moja na wa tiba. Fedha nazo zina njia mbili: jimbo linalipia majengo na mashine kubwa, mifuko ya bima inalipia matibabu. Mfumo huu wanaulalamikia sana, maana majimbo hutoa pungufu na hospitali hujikuta zinakarabati paa kwa hela ya kutibia watu.

Umiliki nao una maajabu yake. Stuttgart kuna hospitali ya Robert Bosch, mali ya wakfu wenye jina hilohilo. Wakfu huo unashikilia karibu asilimia 94 ya hisa za kampuni kubwa ya Bosch, lakini kura nyingi ziko kwa chombo kingine cha wadhamini. Gawio linalipia mambo ya jamii, uamuzi wa kiwanda unafanywa kwingine. Msishangae sana, hata Iringa tunayo ya kufanana. Tosamaganga ni hospitali ya Jimbo Katoliki la Iringa, lakini ni hospitali teule ya halmashauri, kwa hiyo serikali nayo inaingiza watumishi na fedha. Siku mambo yakikwama hapo, mwenye mali ni mmoja, mwajiri wa nesi huenda ni mwingine.

Na zahanati ya kijijini kwenu? Sera na miongozo inatoka Wizara ya Afya, watumishi na fedha wanapitia TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, dawa zinatoka Bohari ya Dawa. Mganga mfawidhi anahudumia mabwana watatu kabla hajamwona mgonjwa wa kwanza. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 kuna fedha zinazoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na mpango wa kuzitumia unapitia kamati ya usimamizi ya kituo. Ndani ya kamati ile wamo wananchi! Wazee wangu wa Tukuyu, mwenyekiti wa kamati yenu mnamjua? Maana huyo ndiye anayeweza kusema hapana, kabla ya mkuu wa wilaya, kabla ya mbunge.

Nimewahi kuona hospitali moja ya kwetu, siitaji, ina mashine ya ultrasaundi ya msaada imefunikwa kitenge. Ilikuja na sherehe na picha. Kipuri kikafa, na hakuna aliyejua ni nani wa kukiagiza, wala kwa bajeti ya idara gani. Fundi wa vifaa tiba hakuitwa siku ya kuipokea. Angeitwa, angeuliza mambo mawili tu: kitabu cha matengenezo kiko wapi, na vipuri vinauzwa na nani. Huyo fundi ni kozi inayofundishwa hapohapo Tanzania, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) wanayo, na waombaji siyo wengi kama wa udaktari.

Kuhusu mishahara nitarekodi video yake, msinichoshe. Leo nina ombi. Bohari ya Dawa ina kiwanda cha glovu pale Idofi, Makambako, njiapanda yetu sote. Kama unafanya kazi pale, au binamu yako anafanya, niandikie: mkaguzi wa ubora wa Idofi anaripoti kwa nani?