Sauti Ikikwaruza, Tazama Kasi Kwanza

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Swali ninaloulizwa sana na wanaocheza gemu za zamani za mashine za sarafu kwa programu ya MAME, kwenye kompyuta zilizokula chumvi, ni hili: picha iko sawa, gemu linakwenda, lakini sauti inakwaruza na kukatikakatika. Je, ninunue kadi mpya ya sauti? Nawaomba msinunue. Mara nyingi kadi ni nzima kabisa. Kilichopungua ni kasi.

Kadi ya sauti inasoma sampuli, yaani vipande vidogo vidogo vya sauti, 48,000 kila sekunde, na haimsubiri mtu. Upande wa pili, MAME inazitengeneza sampuli hizo huku ikiiga mashine nzima. Pac-Man ya mwaka 1980 ina prosesa moja ya Z80. Street Fighter II ya 1991 ina prosesa ya 68000 inayoendesha gemu, Z80 iliyowekwa kwa ajili ya sauti tu, chipu ya YM2151 ya muziki na MSM6295 ya sauti zilizorekodiwa. Zote zinaigwa kwa mpigo. Kompyuta yako ikimudu asilimia 90 tu ya kasi, itatoa sampuli 43,200 kwa sekunde. Hizo 4,800 zilizokosekana ndizo mikwaruzo unayoisikia.

Kwa hiyo bonyeza F11 gemu likiendelea, usome asilimia. Soma wakati mapigano yamechachamaa, maana skrini ya kusubiri sarafu haina kazi kubwa, itakudanganya. Ikishuka chini ya 100, usiguse mipangilio ya sauti kwanza. Chomeka chaja, ondoa hali ya kuokoa umeme, funga kivinjari, ruhusu programu iruke fremu, yaani baadhi ya picha zinazopita kwenye skrini. Toleo la zamani la MAME pia ni jepesi zaidi, na kwa kompyuta kongwe mimi hulipendekeza bila kusita, mradi mafaili ya ROM, yaani nakala za gemu lenyewe, yalingane na toleo hilo.

Baada ya hapo ndipo ufungue faili la mipangilio, mame.ini, ushushe samplerate, yaani idadi ya sampuli kwa sekunde, kutoka 48000 hadi 22050. Donkey Kong ya 1981 ni mfano mzuri: mlio wa kuruka na wa hatua za Mario ulitoka kwenye saketi za analogi, si kwenye chipu ya muziki, na kuziiga saketi hizo ni kazi nzito ya hesabu. Sampuli zikipungua, hesabu nayo inapungua. Utapoteza ung'avu kidogo wa sauti, lakini spika ndogo za laptop hazitakuonyesha tofauti kubwa.

Sasa, kama F11 inasema 100 na bado kunakwaruza, akiba ya sauti ni ndogo mno. Pandisha audio_latency, mpangilio wa akiba hiyo, hatua moja moja, usikilize kila mara. Usizidishe: ngumi itatua, mlio ufuate baadaye, na gemu la mapigano likifika hapo halichezeki.

Ukimya ni jambo jingine. Zaxxon ya 1982 inategemea sauti zilizorekodiwa na kuhifadhiwa nje ya ROM. Weka zaxxon.zip ya sauti kwenye folda ya samples, bila kuifungua. Watu wamebadilisha spika kwa sababu ya faili hilo moja!

Na kuna syncrefresh, mpangilio unaofunga mwendo wa gemu kwenye mwendo wa skrini yako. Mortal Kombat ya 1992 inatoa takriban fremu 54.7 kwa sekunde, skrini yako 60. Ukiwasha syncrefresh, picha inafuata skrini, ilhali sauti inajaribu kushika mwendo wa mashine ya asili. Haviwezi kupatana. Izime.

Tuingie kwenye vitendo. Aliyekuja na laptop aiwashe, aniletee gemu linalomsumbua tulisikilize pamoja.