Mama alianza na salamu: wanaolala nje, Tabora na London

Bwana asifiwe, wapendwa! Na ndugu zangu Waislamu wa Gongoni na Ng'ambo, kwetu Tabora, asalaam aleikum. Mnaniona nimejifunika koti hadi shingoni. Ni saa moja asubuhi hapa London na jua bado halijatoka. Ndiyo kwanza natoka kanisani, zamu ya kulaza watu.

Wengi mmeniuliza kama kweli Ulaya kuna wanaolala nje. Wapo, jamani. Mitaa ya huku kwetu, msimu wa baridi, makanisa saba yamegawana wiki, kila kanisa na usiku wake. Wetu ni Jumanne. Jioni tunasukuma viti pembeni, tunatandika magodoro ukumbini, tunapika, tunawapokea wageni. Ndivyo tunavyowaita, wageni. Asubuhi wanakunywa chai, wanabeba mabegi yao, na usiku unaofuata wanahamia kanisa jingine.

Jana aliingia mzee mmoja amelowa chapachapa. Viatu akakataa kuvua. Nikamletea beseni la maji ya uvuguvugu, nikapiga magoti, nikasubiri. Baadaye sana akanieleza: ameibiwa viatu mara mbili akiwa usingizini, na tangu hapo havitoki mguuni. Alipovivua, soksi zilikuwa zimegandana na ngozi, nyayo zimekuwa nyeupe na kukunjamana kama vidole vya mtu aliyeshinda mtoni akifua. Nikamwosha. Usiku alilala amevikumbatia viatu vyake kifuani.

Nikiwa pale chini nilimkumbuka mama.

Mnaoijua stesheni ya Tabora mnajua: treni ya Kigoma, ya Mwanza, ya Mpanda, zote zinapita pale, na treni huacha watu. Aliyeibiwa nauli. Aliyemfuata ndugu akaambiwa alishahama. Mtoto aliyekimbia kipigo cha baba wa kambo. Wanaishia barazani. Mama alikuwa akipita alfajiri akienda sokoni, kikapuni ana chupa ya chai na matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, lakini hakutoa kitu kabla ya salamu. "Mwangaluka, baba." Anangoja aitikiwe, anauliza wamelalaje, ndipo anamimina. Siku moja nikamwambia, mama, chai inapoa! Akanijibu, "Chakula hata mbwa hutupiwa. Salamu anapewa mtu."

Kuna mzee usharikani alimlaumu kwamba anawalea wazururaji. Mama akamfungulia Waraka wa Yakobo, sura ya pili, pale anapokemewa anayemwambia mwenye baridi aende akaote moto, na yeye mwenyewe hampi kitu. Yule mzee hakurudia.

Nami kila nikisoma Mathayo 25 kuna mahali nasimama. Wale waliomlisha Bwana hawakujua kwamba ni yeye! Wanamuuliza, lini tulikuona una njaa? Naye anawajibu, mlivyomtendea mmoja wa hawa walio wadogo, mlinitendea mimi. Hawakuwa wakihesabu thawabu. Mimi naamini kabisa, bila kumung'unya maneno, kwamba jana miguu ile ilikuwa ya Kristo. Bila imani hiyo nisingetoka kitandani usiku wa baridi kama huu, nawaambia kweli.

Halafu sikieni hili. Jeshi la Wokovu, lile kanisa linalohudumia maskini, lilianzia hapa London mashariki mwaka 1865, kwa William Booth na mkewe Catherine, na mwaka 1888 wakafungua mahali pa kuwalisha na kuwalaza maskini kule Limehouse. Unajua Tanzania Jeshi hilo lilianzia wapi? Tabora! Mwaka 1933. Nilipolisoma hilo nilitokwa na machozi, maana nilikuwa nadhani mimi ndiye nimeleta kitu cha nyumbani huku, kumbe njia hii ilishapitwa zamani.

Sasa, mnaoniandikia mnataka kunitumia mchango, Mungu awabariki, ila magodoro huku yapo. Baraza ya stesheni iko hapo hapo kwenu. Mama magoti yamemchosha, hafiki tena. Lakini chupa ya chai ipo, kikapu kipo, matobolwa ya mwaka huu ameshaanika. Unayepita stesheni alfajiri, pitia kwake Isevya ubishe hodi. Anaamka saa kumi.