Nganya Haibuniwi kwenye Skrini

Habari za jioni. Mada niliyopewa ni sanaa, teknolojia na mtaa. Nitaizungumzia kupitia nganya, yaani matatu za Nairobi zilizopambwa, kwa sababu humo yote hayo hukutana juu ya bati moja, na kosa la upande mmoja huharibu kazi nzima.

Tuanze na anayetazama. Basi linalokwenda kilomita 40 kwa saa hukata mita 11 kila sekunde. Aliyesimama kando ya barabara huuona ubavu wake kwa sekunde mbili, tatu hivi. Hawezi kusoma sentensi, sembuse kuona kope. Ubavuni panataka umbo moja kubwa na jina la gari kwa herufi nene. Mgongo ni habari nyingine. Dereva wa nyuma kwenye foleni hukaa mita tatu kutoka kwenye mgongo huo, pengine dakika kumi. Huko ndiko sura ya mtu inakostahili: kivuli cha pua, mng'ao wa jicho. Vijana wengi hufanya kinyume, maana kwenye skrini pande zote za gari zinalingana.

Kwa hiyo pima gari kabla ya kuwasha kompyuta. Chora kwa kipimo cha 1 kwa 10, uweke alama za mlango, ribiti, madirisha, kifuniko cha tangi, na ule mstari wa njano wa sentimita 15 ulioletwa na kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004. Wachoraji wengi huuchukia. Mimi nauona kama pindo la leso: ukishalijua pindo, unajua mji, yaani uwanja wa katikati, uanzie wapi. Uso usipitishwe kwenye mlango. Kituoni ndipo gari hutazamwa zaidi, na hapo mlango uko wazi.

Siku hizi kazi kubwa hutoka kwenye printa ya stika. Ni ya haraka, nami siipingi. Faili ya ukubwa kamili hutosha ikiwa na nukta 100 kwa inchi. Geuza rangi ziwe za uchapishaji mapema, kwa kuwa kijani cha ndimu kinachowaka kwenye skrini hakitoki kwa wino wa kawaida. Bandika kuanzia chini, kila kipande cha juu kilalie cha chini kwa sentimita moja ili mvua isipate mlango. Stika hubanduka kwanza kwenye ribiti na mabonde ya bati, kwa sababu ilivutwa, na plastiki hutaka kurudia umbo lake. Ipashe moto ilegee, ikandamize ishike, kisha uipashe tena bila kuivuta.

Lakini sura ya mtu naitetea ibaki mikononi mwa mchoraji wa eabrashi, ile bunduki ndogo ya kupulizia rangi. Stika ikichubuliwa na gari jingine mjini, kipande kizima hubadilishwa. Rangi husuguliwa pale pale palipoumia, ikaguswa upya. Uhai wake uko kwenye maandalizi: msasa namba 80 juu ya fila, ile dawa nzito ya kujazia mabonde ya bati, kisha 180, kisha 320, praima, yaani rangi ya msingi, halafu 600 kwa maji. Anayeruka kutoka 80 hadi 320 huona mikwaruzo ikijitokeza baada ya wiki kadhaa, praima ikishanywea. Hadena ya fila, ile inayoikausha, ni karibu asilimia 2 ya uzito. Gari likitakiwa barabarani kesho, mafundi huizidisha, na ziada hiyo hupanda hadi juu ikatia doa rangi nyeupe. Mwaga maji ya tangi la kompresa kila asubuhi. Tone moja likipita kwenye mpira huacha shimo katikati ya shavu. Mdomo wa eabrashi wa milimita 0.3 na shinikizo la psi 20 hadi 30 vinatosha. Kati ya tabaka za klia, ile rangi angavu ya juu kabisa, subiri dakika 10 hadi 15. Ukiharakisha, tina, kile kimiminika cha kuzimua rangi, hufungiwa ndani na klia ikafanya vipovu.

Taa nazo ni rangi, ila hizi zinaweza kuunguza. Isuzu NQR ina umeme wa volti 24, na mikanda mingi ya LED inayouzwa ni ya volti 12. Ukiunga moja kwa moja, inaungua. Mkanda wa aina ya 5050 wenye vitaa 60 kwa mita hula karibu wati 14 kila mita. Mita 10 zinakaribia ampea 12. Weka konvata ya ampea 20 ya kushusha volti 24 hadi 12, na fyuzi ya ampea 10 karibu na betri, kwa kuwa upande wa volti 24 mkondo ni karibu nusu. Kila mita tano zipewe waya wake, la sivyo vitaa vya mwisho hufifia. Usichukue umeme kwenye waya wa taa za mbele: waya ule ulipimiwa kazi yake tu, ukizidiwa ganda huyeyuka, na gari linaweza kushika moto likiwa na abiria. Ukimaliza, washa taa zote nusu saa, kisha pitisha mkono kwenye waya kutoka betri hadi dari. Mahali popote utakapohisi joto, fungua uunge upya kwa waya mnene zaidi.