Kumpiga Mtoto Mdogo Picha Nzuri Nyumbani kwa Simu na Mwanga wa Dirisha

Karibuni sana. Leo tunampiga picha mtoto wa miaka miwili, ndani ya nyumba, bila studio. Vifaa vyetu ni simu, dirisha na shuka jeupe. Mwenye kamera asiondoke, naye nitamfikia.

Mtoto bado hatumwiti. Tunaanza na chumba, na hapa nasisitiza: kila kitu kiwe tayari kabla hajaingia. Uvumilivu wake ni dakika kumi, kumi na tano ukibahatika. Ukizimaliza kwa kuhamisha viti, utabaki na mtoto anayelia. Na mwite akiwa ameshalala, ameamka na ameshiba, si muda wa usingizi unapomnyemelea.

Zunguka nyumba utafute dirisha lenye mwanga mwingi, ila jua lisiwe linapiga ndani moja kwa moja. Nyoosha mkono hapo karibu, utazame kivuli chake sakafuni. Unaona hiki? Kingo zake ni kali, kama kimekatwa kwa mkasi. Mwanga wa namna hii utamfanya mtoto afinye macho. Nashusha pazia jepesi jeupe, tazama tena: kivuli kipo, lakini kingo zimelainika. Hapo ndipo tunapopataka.

Sasa zima taa ya darini. Najua utasema chumba kitakuwa giza. Zima tu. Taa nyingi za nyumbani zina mwanga wa manjano, wa dirishani umeelekea kwenye buluu, na simu haiwezi kuisawazisha yote miwili kwa pamoja. Shavu moja litatoka la rangi ya machungwa na jingine la kibuluu.

Tandika blanketi umbali wa mita moja hivi kutoka dirishani. Upande wa nyuma, hadi ukutani, acha mita moja na nusu au zaidi. Mtoto akiegemea ukuta, kivuli chake kinamganda mgongoni na kila doa la ukutani linaonekana. Ondoa pia ndoo, chaja na viatu vilivyoko nyuma. Ni kazi ya dakika moja.

Mtoto ameingia. Dirisha liwe ubavuni mwake, kisha ageuke kidogo kulielekea. Kipimo changu ni macho. Sogea uyatazame: kila jicho liwe na kinukta cheupe, ambacho ni dirisha lenyewe linalojiakisi. Jicho la upande wa kivuli likikosa kinukta, linaonekana limezubaa. Mgeuze zaidi kuelekea mwanga, au mrushie mpira upande huo, atageuka mwenyewe.

Tazama shavu lake la upande wa ndani, lilivyo na giza. Naweka kiti upande huo, natundika shuka jeupe. Shavu limefunguka. Naliondoa... giza. Nalirudisha... unaona chini ya kidevu pia? Liwe jeupe kweli. Shuka la kijani litampaka mtoto ukijani usoni. Na nguo yake usichague nyeupe pe. Ikijaa kwenye picha, simu hupunguza mwanga, na uso unatoka mweusi kuliko ulivyo.

Haya, simu. Futa lenzi kwanza, ina mafuta ya vidole. Tumia kamera ya nyuma. Usimsogelee mno: kwa karibu, pua huvimba na masikio hupotea. Rudi nyuma hatua mbili, gusa 2x (kitufe cha kuvuta karibu mara mbili) kama simu yako inayo. Bonyeza usoni na ushikilie mpaka fokasi, yaani sehemu inayoonekana wazi bila ukungu, ijifunge, kisha telezesha kidole chini kidogo kama paji la uso linang'aa kupita kiasi. Ile modi ya potreti inayofifisha nyuma, mimi kwa mtoto anayetembea siiwashi; inamkata nywele na vidole.

Wenye kamera: kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, isishuke chini ya 1/250 ya sekunde, na akianza kukimbia nenda 1/500. Lenzi ya 50mm yenye f/1.8 (kipimo cha tundu la lenzi) inatosha kabisa. Punguza tundu hilo hadi f/2.8 ili macho yote mawili yawe na nafasi ya kuwa makali, yasiyo na ukungu, na fokasi uiweke kwenye jicho lililo karibu nawe. Usiogope kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Chembechembe zitakazotokea kwenye picha zinavumilika, picha iliyotikisika haina dawa.

Lala kifudifudi. Ndiyo, sakafuni. Lenzi iwe usawa wa macho yake. Ukimpiga umesimama, utapata utosi mkubwa na miguu mifupi.

Tafadhali usimwambie "cheka". Atakuonyesha meno, hatacheka. Mwambie apulize kiganja chako, au muulize kwa kunong'ona mwanasesere amejificha wapi. Kama kuna wa kukusaidia, akae nyuma ya bega lako akijifunika uso na kujifunua. Akisimama kando, mtoto naye atatazama kando. Piga mfululizo, na usishushe simu kicheko kikiisha. Sura inayofuata, ile ya kutulia na kutafakari, mara nyingi ndiyo inayofanana naye zaidi.

Kwa mtoto mchanga asiyeweza kukaa, mlaze chali kitandani, kichwa chake kielekee upande wa dirisha, ili mwanga ushuke kutoka kwenye paji kwenda kidevuni. Ukitoka miguuni, kivuli cha pua kinapanda juu na sura inatisha. Mtu mzima akae pembeni, mkono karibu. Simu ukiishika juu yake, ivalie kamba ya mkononi. Yale mapozi ya kumkalisha kichanga akishika kidevu, achana nayo. Shingo yake haijakomaa.

Kuchagua ni kwa haraka: kuza picha hadi kwenye macho, isiyo kali ifute. Na kabla ya kumtumia yeyote, ingia kwenye mipangilio ya kushiriki, zima taarifa ya mahali. Picha nyingi za simu hubeba ndani yake eneo zilipopigwa, na eneo hilo ni nyumbani kwa mtoto.